Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kujiandaa na Mtihani wa GMAT na Usaili wa Shule ya Biashara

Kila msimu wa maombi ninaketi na watahiniwa waliokwama mahali pale pale. Mtu amemaliza vitabu vitatu, amefanya maswali mpaka macho yamemuuma, lakini jaribio la nne linampa alama zile zile za jaribio la kwanza. Mwingine anavuka mtihani vizuri, anafika kwenye usaili, anaulizwa "ni lini ulishindwa?", na anaanza kusimulia makosa ya bosi wake.

Hawa si wavivu. Wanakimbilia swali linalofuata kabla hawajakaa na lile walilokosa. Ndiyo maana katika mwongozo huu Hatua ya 4 ni ndefu kuliko nyingine, na naomba usiiruke hata kama una haraka.

Nimeandika nikilenga GMAT, mtihani wa kuombea nafasi ya shahada ya uzamili ya biashara (MBA). Shule nyingi za biashara zinapokea pia GRE, mtihani mwingine wa kuombea masomo ya uzamili, na ukichagua huo, utaratibu wa kujifunza unabaki ule ule. Fanya jaribio moja la kila mtihani, uone upi unakukaa vizuri, kisha ushike mmoja. Kusomea yote miwili kwa pamoja ni kupoteza miezi.

## Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

- Kitabu rasmi cha mazoezi cha GMAC, taasisi inayomiliki mtihani huu. Hakikisha ni cha mtihani wa sasa. Vitabu vya zamani bado vina jiometri, kusahihisha sentensi na insha, na vyote hivyo vimeondolewa.
- Mitihani miwili ya majaribio ambayo GMAC inaitoa bure kupitia mba.com. Usiifungue kwa udadisi tu. Ukishayaona maswali, kipimo kimeharibika.
- Daftari moja nene la makosa. Faili la kompyuta linafaa pia, ila liwe moja.
- Kipima muda.
- Kibao cha kufutika na kalamu yake. Siku ya mtihani hutapewa karatasi ya kawaida, kwa hiyo mkono uzoee mapema.
- Pasi ya kusafiria ambayo haijaisha muda. Jina ulilojisajili nalo lifanane na la kwenye pasi herufi kwa herufi. Kuna watu wamerudishwa mlangoni kwa sababu ya jina la kati.
- Miezi 3 hadi 4, saa 10 hadi 15 kwa wiki. Kwa mtu aliye kazini, saa moja na nusu kila asubuhi inazaa kuliko Jumamosi nzima ya kujichosha.

## Hatua ya 1: Anzia mwisho, hesabu kurudi nyuma

Shule nyingi kubwa hupokea maombi kwa awamu: ya kwanza karibu na Septemba, ya pili Januari, ya tatu kuelekea Machi au Aprili. Awamu mbili za kwanza ndizo zenye nafasi nyingi na misaada ya ada. Ya tatu nawashauri wachache sana.

Chukua tarehe ya mwisho ya shule unayoitaka zaidi. Rudi nyuma wiki 8: hapo ndipo ufanye mtihani, ili wiki zinazobaki ziende kwenye insha na barua za mapendekezo. Kabla ya tarehe hiyo weka miezi 3 au 4 ya kusoma.

Acha pia nafasi ya kurudia. Ukitaka kurudia GMAT unasubiri siku 16, na huruhusiwi kuufanya zaidi ya mara 5 ndani ya miezi 12. Aliyepanga mtihani siku 10 kabla ya mwisho wa maombi amejinyima nafasi ya pili.

Utajua umefaulu hatua hii ukiwa na tarehe nne zilizoandikwa: kuanza kusoma, mtihani, marudio na kutuma maombi.

## Hatua ya 2: Ujue mtihani ulivyo

GMAT ya sasa ina sehemu tatu, kila moja dakika 45:

- Hesabu, maswali 21. Ni hesabu za kawaida na aljebra. Kikokotoo hakiruhusiwi.
- Lugha, maswali 23. Ufahamu wa kusoma na uchambuzi wa hoja.
- Uchambuzi wa data, maswali 20. Majedwali, grafu, taarifa kutoka vyanzo kadhaa, na maswali ya utoshelevu wa data, yaani kama taarifa ulizopewa zinatosha kupata jibu. Hapa kikokotoo kipo kwenye skrini.

Jumla ni saa 2 na dakika 15, na mapumziko mamoja ya dakika 10 ukiyataka. Unachagua mwenyewe sehemu ya kuanza nayo. Alama za jumla ni kati ya 205 na 805, na kila sehemu inapimwa kuanzia 60 hadi 90 kwa uzito ulio sawa.

Uzito huo ulio sawa ndio unaopuuzwa. Wahandisi wengi wanajichimbia kwenye hesabu, sehemu wanayoiweza tayari, na kuiacha data mpaka wiki ya mwisho.

Mtihani huu hukupimia maswali kadiri unavyojibu: ukipatia, linalofuata huwa gumu zaidi. Kwa hiyo ukijisikia unasulubiwa katikati ya sehemu, huenda unafanya vizuri. Usikate tamaa kwa hisia hiyo. Adhabu nzito inampata anayeacha maswali ya mwisho bila kuyajibu, hivyo ni afadhali kukisia kuliko kuacha wazi.

Onyo kuhusu alama: ukisikia mtu anasema "lazima upate 700", huyo anazungumzia kipimo cha zamani. Kwa mlinganisho wa nafasi miongoni mwa watahiniwa, 700 ya zamani inakaribiana na 645 ya sasa. Angalia wastani unaotangazwa na shule yako, na uhakikishe ni wa kipimo kipi.

## Hatua ya 3: Jaribio la kwanza, kisha msingi

Fanya jaribio moja rasmi kabla ya kusoma chochote. Keti mahali tulivu, simu iwe chumba kingine, muda uhesabiwe. Alama itakayotoka isikuvunje moyo. Kazi yake ni kukuonyesha pa kuanzia.

Baada ya hapo tumia wiki 4 kujenga msingi bila kujali muda. Kwa hesabu: asilimia, uwiano, sehemu, vipeo, namba tasa, milinganyo, kasi na umbali, wastani, uwezekano. Rudisha pia hesabu za kichwani, kwa sababu hakuna kikokotoo. Asilimia 15 ya 240? Asilimia 10 ni 24, nusu yake ni 12, jumla 36. Ikikuchukua zaidi ya sekunde 5, fanya mazoezi kama hayo kila siku.

Kwa lugha, jifunze kuvunja hoja vipande vitatu: ushahidi, hitimisho, na dhana iliyofichika katikati. "Kampuni ilipunguza bei, mauzo yakapanda, basi bei ndiyo iliyoleta wateja." Ushahidi upo, hitimisho lipo. Kilichofichika ni kwamba hakuna kingine kilichobadilika, labda mshindani alifunga duka mwezi ule ule. Maswali mengi ya uchambuzi wa hoja yanaishi ndani ya upenyo huo. Tafuta upenyo wewe mwenyewe kabla ya kusoma majibu matano, maana majibu hayo yameandikwa kwa ustadi wa kukuvuta.

Msingi umekaa ukiweza kumweleza mtu mwingine kwa nini jibu ni sahihi, bila kutazama kitabu.

## Hatua ya 4: Daftari la makosa

Nitakuonyesha kwa swali moja la utoshelevu wa data. Katika maswali haya huombwi jibu lenyewe. Unaulizwa kama taarifa ulizopewa zinatosha kulipata.

Je, x ni kubwa kuliko y?
Kauli ya 1: x² > y²
Kauli ya 2: x + y > 0

Mtahiniwa mmoja alijibu haraka kwamba kauli ya 1 peke yake inatosha. Mraba mkubwa, namba kubwa. Tujaribu. Kama x ni 3 na y ni 2, mraba wa x ni 9, wa y ni 4, na x ni kubwa. Sasa weka x iwe −3 na y ibaki 2. Mraba wa x bado ni 9, lakini x ni ndogo. Kauli ya 1 haitoshi.

Kauli ya 2 nayo? Namba 1 na 2 zina jumla ya 3, chanya, lakini hujui ipi ni x. Haitoshi.

Ziunganishe. x² > y² ni sawa na kusema (x − y)(x + y) ni chanya. Kauli ya 2 imeshatuambia x + y ni chanya. Basi x − y lazima iwe chanya pia, yaani x ni kubwa kuliko y. Zote mbili kwa pamoja zinatosha.

Wengi wakifika hapa husema "aa, nimeelewa", na kuendelea na swali jingine. Wiki tatu baadaye wanaanguka kwenye shimo lile lile. Mtahiniwa yule nilimwomba aandike hivi:

- Nilichojibu: kauli ya 1 inatosha.
- Nilichofikiri: mraba mkubwa maana yake namba kubwa.
- Nilichosahau: namba hasi.
- Ishara ya kuikumbuka: nikiona mraba, nijaribu hasi, sifuri na sehemu kabla ya kujibu.
- Kurudia: baada ya siku 3, tena baada ya siku 10.

Mstari wa pili ndio mgumu kuandika na ndio wenye thamani. "Nilikosea hesabu" hausaidii kitu. Andika wazo lenyewe lililokupitia kichwani, hata kama linakuaibisha.

Kila kosa lipe pia aina yake: sikujua kanuni, nilijua lakini sikulisoma swali vizuri, nilijua lakini muda ulinibana. Na kuna aina ya nne ambayo watu hawaiandiki kabisa: nilibahatisha nikapatia. Hiyo nayo ni kosa, iweke daftarini.

Kila Jumapili hesabu aina hizo. Kama nusu ni za kutosoma swali, vitabu zaidi vya hesabu havitakusaidia. Unachohitaji ni kupunguza mwendo kwenye sentensi ya mwisho ya swali na kujiuliza, "Wanataka nini hasa? x, au x + 1? Faida, au asilimia ya faida?"

Kwa kila saa ya kufanya maswali, toa saa nyingine ya kuyachambua. Maswali 15 yaliyochambuliwa yanakufikisha mbali kuliko 60 yaliyopitiwa juu juu. Najua hili linauma kwa mtu anayependa kuhesabu kurasa alizomaliza.

Hatua hii imefanikiwa pale makosa yako yanapoanza kuwa mapya.

## Hatua ya 5: Ingiza muda

Baada ya wiki ya 5 au ya 6, kila zoezi liwe na saa. Hesabu ina takriban dakika 2 na sekunde 8 kwa swali, lugha inapungua kidogo chini ya dakika 2, data ni dakika 2 na sekunde 15. Usiangalie saa kila swali. Weka vituo: kwa hesabu, ukifika swali la 7 ziwe zimebaki dakika 30, swali la 14 zibaki dakika 15.

Jifunze kuachia. Ukifika dakika 3 na njia haionekani, kisia, weka alama ya kurudi, songa mbele. Ukimaliza sehemu na muda ukabaki, unaruhusiwa kurudi kupitia maswali na kubadilisha majibu yasiyozidi 3. Tatu tu, kwa hiyo usiweke alama kwenye kila swali lililokutia shaka.

Katika data, swali moja linaweza kuwa na vipande viwili au vitatu, na ukikosa kimoja umekosa lote. Swali la namna hiyo likishakula dakika 4, liache.

## Hatua ya 6: Majaribio kamili na siku yenyewe

Wiki 4 za mwisho fanya jaribio kamili moja kwa wiki, saa ile ile utakayofanya mtihani. Siku inayofuata ni ya uchambuzi tu. Siku 2 za mwisho usifanye jaribio lolote. Soma daftari lako na ulale.

Mtihani unaweza kuufanya kituoni au nyumbani kwa intaneti. Ukichagua nyumbani, meza iwe tupu, uwe peke yako chumbani, na msimamizi atakuomba umwonyeshe chumba kwa kamera. Kama umeme au intaneti yako si ya kutegemewa, nenda kituoni.

Siku hizi unaziona alama kwanza, ndipo unachagua pa kuzituma. Zikishakuwa rasmi, una saa 48 za kuchagua hadi shule 5 bila malipo. Alama zinadumu miaka 5.

## Hatua ya 7: Hazina ya visa kwa ajili ya usaili

Usingoje mwaliko. Ukishatuma maombi, anza.

Chukua wasifukazi wako na uandike visa 8 vya kweli kutoka kazini na maisha ya kujitolea: uliongoza watu, ulishindwa, uligombana na mwenzako, ulibadilisha mawazo ya mkubwa, uliamua bila taarifa kamili, ulipokea ukosoaji, ulijenga kitu, ulimsaidia mtu akue. Kila kisa kiwe na mistari minne: hali ilikuwaje, mimi nilitakiwa kufanya nini, nilifanya nini, kikatokea nini.

Hapa ndipo daftari la makosa linarudi. Linganisha majibu haya mawili ya swali "Tueleze ulivyoshindwa."

La kwanza: "Mradi wetu ulichelewa kwa sababu idara nyingine haikutoa taarifa kwa wakati. Tulijifunza umuhimu wa mawasiliano."

La pili: "Nilimwahidi mteja tarehe kwenye kikao, kabla ya kumuuliza fundi wangu mkuu. Nilitaka kuonekana ninajiamini. Tulichelewa wiki tatu, na fundi yule aliacha kuniletea matatizo mapema kwa sababu aliona siyasikilizi. Nilimwomba radhi mbele ya timu. Tangu hapo sitoi tarehe kabla ya kuketi naye, na safari iliyofuata yeye ndiye aliyeitaja tarehe mbele ya mteja."

La pili lina wazo lililompitia kichwani: alitaka kuonekana anajiamini. Msaili anatafuta kitu kama hicho. Chunguza pia neno "sisi". Likijaa, msaili atakuuliza, "Na wewe mwenyewe ulifanya nini?", na kama huna jibu, kisa kimeanguka.

Ongeza maswali matatu yasiyokwepeka: kwa nini shahada hii, kwa nini sasa, kwa nini shule hii. Kwa la tatu, sifa za jumla kama "ina jina kubwa" zinakuua. Taja somo, kituo cha utafiti au mfumo wa ufundishaji, na useme utautumia kufanya nini. Kipimo changu ni hiki: ukibadilisha jina la shule na jibu likabaki na maana, jibu bado halijawa tayari.

Onyo: usikariri maneno. Kariri mpangilio tu. Aliyekariri hujulikana anapokatizwa, kwa sababu analazimika kurudi mwanzo wa sentensi.

## Hatua ya 8: Usaili wa majaribio

Jirekodi kwa video ukijibu swali moja, kisha itazame bila sauti, halafu sikiliza bila picha. Utaona mikono na utasikia "yaani, yaani". Jibu lisizidi dakika 2.

Baada ya hapo tafuta watu watatu tofauti: mmoja aliyepita shule ya biashara, mmoja asiyejua lolote kuhusu kazi yako, na mmoja mwenye tabia ya kukatiza. Yule asiyejua kazi yako ndiye wa maana zaidi. Akishindwa kurudia kisa chako kwa sentensi mbili, umekijaza istilahi.

Jua pia mfumo wa shule yako, maana haufanani. Kuna wasaili walioona wasifukazi wako tu, hao unawasimulia kila kitu upya. Harvard hukuita kwa dakika 30 na msaili ambaye ameshasoma maombi yako yote, kwa hiyo maswali hurukia moja kwa moja kwenye mambo uliyoandika. Soma insha zako tena mpaka hakuna mstari unaokushangaza. Wharton huwaweka waombaji 5 au 6 pamoja kwenye mjadala wa dakika 35, kisha mazungumzo mafupi ya mtu mmoja mmoja.

Katika mjadala wa kundi, anayezungumza sana hujiangusha, na aliyenyamaza naye hivyo hivyo. Kazi nzuri ni kumrudisha aliyekatizwa: "Ulikuwa unaeleza gharama, hebu malizia." Angalia saa, na dakika 10 za mwisho sukuma kundi kwenye uamuzi.

## Hatua ya 9: Siku ya usaili na saa inayofuata

Kwa usaili wa video, kamera iwe usawa wa macho na mwanga utoke mbele yako. Ingia dakika 10 kabla. Andaa maswali mawili ya kumuuliza msaili ambayo tovuti ya shule haiyajibu. Kwa mfano, ni kitu gani anatamani angekijua kabla ya muhula wa kwanza.

Swali likikushinda, omba sekunde chache za kufikiri. Kimya cha sekunde 5 hakimwudhi msaili. Kinachomwudhi ni maneno ya dakika 3 yasiyofika popote.

Ukishatoka, usipige simu kwanza. Keti, fungua daftari, andika kila swali ulilokumbuka, ulichojibu na ulichotamani ungejibu. Harvard imewahi kuwataka waliosailiwa waandike tafakari yao na kuituma ndani ya saa 24, na anayeandika akiwa bado na joto la mazungumzo huwa na cha kusema. Hata kama shule yako haidai hivyo, tumia maandishi hayo kuandika barua fupi ya shukrani inayotaja jambo moja mlilozungumza, na uitume siku hiyo hiyo. Kama una usaili mwingine wiki ijayo, swali la kwanza la kufanyia mazoezi liko kwenye ukurasa huo.